Tumbo la Silja na Chai ya Malan

Jumapili, 21 Septemba 1986

Mama, nisamehe kwa kukaa kimya kiasi hiki. Daftari hili ulinipa mwezi wa Mei, siku tulipombatiza Dánjal, ukaniambia niandike siku zangu zinavyokwenda kisha nikuletee lote, kwa kuwa simu kwako ni kelele tupu tangu masikio yako yalipoziba. Nikakujibu ndiyo, nitaandika kila siku. Leo ndiyo kwanza nalifungua. Lilikuwa kabatini chini ya nepi, bado linanuka duka.

Udhuru sina. Nina mtoto wa miezi sita anayenyonya, Silja wa miaka minne asiyefunga mdomo, zamu za asubuhi kiwandani kukata minofu ya samaki, na mama mkwe, Malan, ghorofa ya chini anayesikia kila sahani ninayoiweka mezani. Jana mume wangu Høgni ameondoka na meli kwenda Greenland. Hatarudi kabla ya Desemba. Nadhani ndicho kilichonifanya nilitafute daftari.

Upepo wa magharibi. Mvua.

Jumanne, 23 Septemba

Silja kaumwa tumbo. Alikuwa chini kwa Malan akichunga sakafuni kundi lake la mifupa ya kondoo ya kuchezea, mara akajikunja magoti kifuani, mweupe kama unga. Nilipofika, Malan alikuwa ameshachemsha majani ya hvonn, mmea wake wa dawa. Unaijua bustani yake, ile ya ukuta wa mawe; kila tumbo la nyumba hii limepita pale. Chai yenyewe ni ya kijani kama maji ya mwani. Silja akanywa nusu kikombe, akatapika kijani kitupu, akalala. Alipoamka akaomba mkate na jamu.

"Unaona?" Malan akasema. "Imetoa uchafu."

Nami nikaona.

Jumatano, 24 Septemba

Mzima. Anakimbia. Mvua.

Jumapili, 28 Septemba

Dánjal ameota jino na ameshanijaribu nalo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Tumbo tena, saa mbili asubuhi. Kujikunja kule kule, weupe ule ule, chai, kijani. Bahati ilikuwa siku ya daktari kuja na boti ya posta, nikamsubiri gatini na Silja mgongoni. Nyinyi huko kusini mna daktari wenu wa miaka kumi na mitano. Sisi huku tunaletewa Wadenmark wa kushikilia nafasi, huyu wiki tatu, yule nne. Wanapiga picha milima na ndege, kisha kwaheri. Huyu wa sasa ana ndevu na viatu vipya vya kupandia milima.

Alipomlaza Silja mezani, maumivu yalikuwa yameisha. Akambonyeza huku na huku. Silja akacheka, kanitia aibu.

"Amekula nini?" akauliza.

Nikamwambia, kwa Kidenmark changu cha shule: uji, na chai ya hvonn.

"Ametapika rangi ya kijani?"

"Ndiyo."

"Basi rangi ni hiyo chai," akasema, akaandika. "Vijidudu vya tumbo. Vinazunguka. Mpe maji."

Malan alikuwa amesimama mlangoni na skafu yake kichwani. Kidenmark anakielewa chote, ila hukataa kukisema. Tukiwa njiani akaniambia, "Watoto wa siku hizi wakijamba tu, boti ya posta inaitwa."

Nilikuwa nimekosa zamu nzima kwa ajili ya kuambiwa nimpe maji.

Jumapili, 5 Oktoba

Høgni kanipigia kwa redio ya meli. Akaniuliza hali ya watoto. Nikamwambia wazima kabisa, Silja anamsalimu. Unajua jinsi redio ile ilivyo: kila meli na kila jiko kutoka huku mpaka kwenu wanasikiliza wakinywa kahawa. Ningesema Silja anaumwa, kesho kutwa wangekuja wanawake sita na keki.

Kwa hiyo nimemdanganya mume wangu mbele ya visiwa vyote.

Jumatano, 8 Oktoba

Dhoruba. Kiwanda kimefungwa, hakuna samaki.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa hospitali, ng'ambo. Silja amelala kitanda cha pembeni na Dánjal yuko kifuani, basi usinilaumu mwandiko.

Ilianza baada ya chakula cha mchana. Safari hii alilia, Mama, yeye ambaye halii hata akianguka kwenye mawe. Malan akaleta kikombe, akampa vijiko vitatu, vyote vikarudi. Nikamgusa tumbo akanisukuma mkono. Tummas, shemeji yangu, akachungulia akasema, "Hicho ni kidole tumbo. Mimi changu kilianza hivyo hivyo." Tukapiga simu. Daktari wa ndevu akasema mleteni hospitali upesi, huenda ni kidole tumbo kweli.

Boti ya posta iliyumba saa nzima. Silja akatapika tena kwenye ndoo ya nahodha, kijani vilevile. Nahodha akaitazama akasema, "Hvonn ya Malan hiyo, naijua hata kwa harufu," na abiria wakacheka kidogo. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe, maana nilikuwa naogopa na nilitaka kuwa kama watu wengine.

Tulipofunga gatini alikuwa ameshalegea usingizini. Tulipofika chumba cha daktari alikuwa ameamka anaomba biskuti. Kijana wa zamu akambonyeza chini kulia, mahali kidole tumbo kinapokaa. Hakuna kitu. Damu wakaipima, iko sawa. Joto hana.

"Lakini saa tatu zilizopita alikuwa..." nikaanza.

"Nakuamini," akasema, kwa sauti ile ya mtu asiyekuamini. "Tutamwangalia mpaka kesho."

Jumapili, 12 Oktoba

Tumerudishwa. Wamesema choo kigumu. Wamenipa dawa ya kulainisha. Muuguzi mmoja, Armgarð, aliyezaliwa kisiwa chenu, jirani ya kanisa, alinisaidia kumvalisha Silja viatu, akaninong'oneza, "Kwenye karatasi wameandika 'mama ana wasiwasi'. Nimeona nikuambie. Ningekuwa wewe ningetaka kujua."

Sasa najua. Mama ana wasiwasi. Karatasi imesema.

Jumanne, 14 Oktoba

Choo cha Silja hakina ugumu wowote, hakijawahi. Dawa nimeimwaga sinki.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jana tumekusanya kondoo mlimani, leo tumechinja. Ishirini na sita. Wanaume banda la juu, sisi wanawake chini sakafu ya zege na beseni za maji vuguvugu. Mimi kama kawaida nimepewa matumbo, kwa sababu mkono wangu ni mwepesi. Mkono huo ni wako. Unakumbuka ulivyonifundisha kuvua mafuta ya utumbo bila kuutoboa, ule utando mpana ukifunguka kama upepeo, utumbo umezunguka ukingo wake wote? Nimevua kumi na tisa hivyo hivyo huku nikizungumza na watu.

Wa ishirini akanishangaza. Utando haukuwa na upana. Mafuta yalitoka ukanda mmoja mwembamba, kama skafu iliyotundikwa kwenye msumari mmoja, na utumbo wote umening'inia hapo. Ukiugusa unazunguka. Nikauzungusha kwa kidole, ukajisokota, nikaurudisha, ukajisokotoa. Kwenye shingo ya ule msokoto palikuwa na alama nyekundu, ya zamani.

Nikamwita Tummas. Akaja na kisu mkononi.

"Huyu ni yupi?"

Akatazama alama ya sikio. "Huyu? Huyu ni yule dhaifu. Kiangazi chote alikuwa anajilaza chini miguu juu, unadhani keshakufa. Unakwenda kuchukua gunia, ukirudi anakula majani. Kanitembeza bure mlimani mara nne."

"Miguu juu? Amejikunja?"

"Rannvá, kondoo tu," akasema. "Nipe hilo beseni."

Nikampa beseni, nikabaki nimeushika ule utumbo. Malan akanitazama kutoka kwenye damu aliyokuwa anakoroga. "Mkono umekufa ganzi?"

"Hapana," nikasema. "Mama, tumbo la mtoto linaweza kujisokota, halafu likajirudi lenyewe?"

"Tumbo la mtoto hujaa upepo," akasema. "Vua mafuta, yanapoa."

Nikavua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mabonge ya mafuta tumeyatundika bandani. Upepo mzuri wa kukausha. Silja amekula nyama mpya mpaka akalala mezani.

Jumatatu, 27 Oktoba

Tumbo. Muda wa saa moja na robo, nimetazama saa. Chai, kijani.

Daktari wa ndevu ameshaondoka na picha zake. Huyu wa sasa ni mrefu, kijana, jina lake Friis, ana adabu. Faili la Silja hakuwa nalo, liko hospitali. Nikaanza upya: tarehe, weupe, kujikunja, kijani. Alipouliza alichokula, nikasema chai ya hvonn, naye akatabasamu kama mtu aliyepewa jibu.

Nikajikaza. Nikamwambia habari ya kondoo. Kidenmark cha 'utando' sikijui, nikachora kwenye bahasha. Akaangalia mchoro kwa heshima.

"Bi Rannvá," akasema, "mtoto wako si kondoo."

"Najua. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Mdogo wake ana miezi mingapi?"

"Saba."

"Na baba yuko baharini." Akaweka kalamu chini. "Mtoto mkubwa anapopata mdogo, mara nyingi tumbo huuma. Ni wivu. Maumivu anayasikia kweli, ila chanzo chake ni hapa." Akajigusa kifuani. "Mpe muda wako peke yake."

Mama, muda wangu peke yake. Nilicheka mbele yake, si kicheko kizuri. Bila shaka na hicho kimeandikwa.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimelisoma daftari hili kutoka mwanzo, Dánjal akinyonya. Mara nne tumbo limemshika tangu msimu uanze. Kila mara nimeandika neno lile lile, chai, na mbele yake kijani. Na kila daktari anauliza amekula nini, namjibu chai, naye anafunga kitabu. Mimi ndiye ninayewafungia.

Lakini kwenye boti, tarehe kumi na moja, alitapika zikiwa zimepita saa mbili nzima tangu vile vijiko vitatu, navyo vilikuwa vimesharudi nyumbani. Kijani kile kilitoka wapi?

Nikashuka chini. Malan alikuwa anasokota sufu kwa gurudumu lake.

"Mama," nikamwambia, "tumbo likimshika Silja tena, naomba usimpe chai."

Gurudumu likasimama. "Kwa nini?"

"Nataka kuona anatapika rangi gani bila chai."

"Rangi?" akasema. "Nimelea watoto saba kwa chai hiyo. Mumeo ni mmoja wao. Bibi yangu aliipanda ile hvonn kabla ya ukuta kuwepo. Sasa wewe, kwa sababu umeona tumbo la kondoo, unaniambia nimemtilia mjukuu wangu sumu?"

"Sijasema sumu. Nimesema rangi."

"Umesema nikae nikitazama mtoto akilia, mikono mapajani."

"Ndiyo," nikasema. "Hicho ndicho ninachokuomba."

Sauti yangu haikupanda. Nataka ujue hilo, maana atakwambia ilipanda.

Alhamisi, 30 Oktoba

Haongei nami. Anaongea na Dánjal, kwa sauti, ili nisikie. "Mama yako ana elimu, Dánjal. Sisi wengine tuna majani tu."

Viazi nimevikuta ngazini, vimeoshwa.

Jumamosi, 1 Novemba

Haongei. Leo samaki wawili, wamepaliwa magamba.

Jumatatu, 3 Novemba

Ukungu. Silja ameuliza kwa nini bibi anaongea na ukuta.

Alhamisi, 6 Novemba

Sina nguvu lakini nitaandika, kwa sababu nikiacha leo sitaandika tena. Tuko hospitali. Silja yuko ndani. Wamesema saa mbili au tatu, na kiti hiki ni kigumu.

Nilikuwa kiwandani, Malan anawatazama watoto. Saa nne na nusu Tummas akaja mpaka kwenye meza ya kukatia, na Tummas haji kiwandani. "Mama anakuita," akasema. Nikaacha kisu ndani ya samaki.

Nilipoingia jikoni kwake, birika lilikuwa linachemka. Mama, maji yalikuwa yamekauka nusu. Kikombe kipo, majani yamo ndani ya kikombe, makavu. Hakumimina. Silja alikuwa mapajani kwake, amejikunja, si mweupe tena bali wa kijivu, na Malan anamtikisa taratibu huku anaimba kitu kisicho na maneno. Mezani palikuwa na chupa ya jamu iliyofungwa kifuniko. Ndani kijani, kama rangi ya mlango wa kanisa lenu.

"Sikumpa kitu," akasema. Maneno ya kwanza kuniambia tangu siku ile. "Hata maji sikumpa. Mara tatu ametapika, hiyo ni ya kwanza. Nimeiweka."

Boti ya posta ilikuwa imefungwa kwa upepo. Tummas akatoa boti yake. Nikasema Malan abaki, bahari ni mbaya. Akasema, "Mimi ndiye niliyeona," akaingia, akakaa na chupa katikati ya magoti, skafu imeloa mpaka mabegani. Dánjal tulimwacha kwa mke wa Tummas. Safari ile sitaieleza. Silja aliacha kulia katikati ya mkondo na hilo lilikuwa baya kuliko kilio.

Zamuni alikuwa yule yule kijana wa Oktoba. Akambonyeza, safari hii tumbo likiwa gumu. Akafungua faili, akasoma, nikajua anasoma nini. Akasema huenda ni vijidudu, huenda kidole tumbo, tuweke maji ya mshipa tusubiri jioni.

"Hatusubiri," nikasema.

"Mama, naelewa una wasiwasi..."

"Ndiyo, ninao. Mmeshauandika. Sasa muite aliye juu yako."

Nikalitoa daftari hili. Kidenmark kilikuwa kimenikimbia chote. Nikampa Armgarð mkononi, naye akasimama pale pale akalisoma kwa sauti kwa Kidenmark, tarehe moja baada ya nyingine, mpaka yule kijana akaacha kalamu. Alipofika kwenye mama mkwe na viazi, akaruka.

Akaja daktari wa upasuaji. Mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, Daktari Astrup, kalamu zimechomekwa kwenye nywele. Hakuniuliza amekula nini. Aliuliza, "Alitapika rangi gani?"

Malan akaipiga ile chupa mezani. Na Mama, yule bibi aliyekataa Kidenmark miaka sabini, akakisema. Kibovu, kimejaa kutu, lakini akakisema.

"Mimi ndiye mwenye chai. Leo sikumpa chai. Tazama."

Astrup akainua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Hakukaa nayo hata kidogo. "Hii ni nyongo," akamwambia yule kijana. "Mtoto akitapika nyongo, njia imeziba mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Picha, sasa hivi." Kisha akapiga simu Copenhagen, akaongea na mtu dakika tano akiwa amesimama.

Wakamnywesha maji meupe ya picha kwa mpira wa puani. Astrup akanionyesha kwenye kioo cha picha. Kwa watu wote utumbo ukitoka kwenye mfuko wa chakula huvuka kwenda kushoto, akasema. Wa Silja haukuvuka. Ulishuka kulia, umejizungusha kama skrubu, na pale skrubu inapobana maji meupe yaliishia.

"Mtoto akiwa bado tumboni mwako," akasema, "utumbo hujizungusha, kisha hushika mahali pake, pande mbili, kama kamba ya nguo. Wa huyu haukumaliza kuzunguka. Haukushika."

"Umening'inia kwenye msumari mmoja," nikasema.

Akanitazama. "Nani amekueleza?"

"Kondoo."

Hakucheka. Akasema, "Basi unajua kwa nini siwezi kusubiri," akaniwekea karatasi ya kutia saini.

Malan amekaa kiti cha mbele yangu. Chupa wameichukua, naye mikono yake haijui pa kukaa. Nimempa uzi na sindano zangu. Anafuma. Haangalii anachofuma.

Ijumaa, 7 Novemba

Yu hai.

Utumbo ulikuwa umejisokota mara mbili, umekuwa bluu nyeusi. Waliusokotoa, wakaufunika vitambaa vya moto, wakasubiri. Astrup anasema walisimama kuuzunguka dakika kumi, halafu ukaanza kuwa wa waridi kutoka juu kushuka chini. Hawakukata hata kipande cha utumbo. Wamekata kamba za nyama zilizokuwa zinabana, wakaupanga upya. Na kidole tumbo wamekitoa, ingawa kilikuwa kizima, kwa sababu kilikuwa kushoto juu, karibu na mbavu. "Nisingependa," akasema, "aje daktari mwingine miaka ishirini ijayo atafute ugonjwa mahali usipo."

Nikamuuliza kama tungechelewa. "Saa moja zaidi," akasema, na hakuimalizia. Kisha akavuta kiti. "Tulikuwa naye hapa tarehe kumi na moja. Alikuwa mikononi mwetu. Sitakwambia ilikuwa vigumu kujua. Ilitakiwa kuulizwa."

Nilikuwa nimejiandaa kumpigania Silja. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikalia mbele yake kama mjinga, na maziwa yakanimwagika kwenye gauni la hospitali.

Jumamosi, 8 Novemba

Malan kaondoka na Tummas kwenda kumtazama Dánjal. Alisimama miguuni mwa kitanda muda mrefu.

"Mama," nikasema, "ile chupa ndiyo iliyomwokoa."

"Na zile mara nne za kwanza, nilipompa chai?" akauliza.

Akafunga skafu yake akatoka.

Jumatatu, 10 Novemba

Silja ametoa upepo. Armgarð amepiga makofi. Sikujua siku itafika nisherehekee hilo.

Alhamisi, 13 Novemba

Kijiko cha supu. Vijiko vinne. Yule kijana wa zamu amekuja kusimama mlangoni, masikio mekundu, akaniomba anakili tarehe zangu. Nimemruhusu. Nimemwambia aandike na upepo pia, huku kwetu upepo ndio unaoamua kama mtoto anafika.

Jumapili, 16 Novemba

Redio, kwenye simu ya ofisini. Safari hii nimemwambia Høgni yote, neno kwa neno, na visiwa vyote visikie. Kisha akauliza, "Mama yangu yukoje?" Nikasema anafuma. Ndiyo kwanza nikajiuliza.

Jumanne, 18 Novemba

Tummas kaja na nguo safi. Nimemuuliza habari za nyumbani. Akageuzageuza kofia yake.

"Ameing'oa," akasema.

"Nini?"

"Hvonn. Yote. Kwa sepetu, siku mbili, kwenye mvua. Mizizi mingine ni minene kama mkono wangu, ameitupa baharini. Nilimwambia mama pumzika, akaniambia niondoke bustanini mwake."

Nimekaa na hilo tangu asubuhi. Mwezi uliopita ningefurahi, ukweli niuseme. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kuhesabu vikombe. Sasa nalifikiria lile birika, linachemka mpaka kukauka, na mwanamke wa miaka sabini na mmoja anayejua kitu kimoja tu cha kumfanyia mtoto anayelia, naye hakukifanya, kwa sababu mimi nilimwomba. Sijui kama mimi ningeweza.

Jumatano, 19 Novemba

Mama, Armgarð anakuja kwenu kesho kwa likizo, nampa daftari. Limebaki kurasa mbili hata hivyo. Silja amekaa, anagombana na wauguzi, anataka kuonyesha kovu kwa kila anayepita. Watatuachia baada ya wiki moja wakiona anakula. Mpe Armgarð, akirudi Jumanne, vitu hivi:

Soksi za sufu za Silja jozi mbili, zisizobana kifundo.

Gauni la juu lisilo na kiuno. Hawezi kuvaa kitu kinachogusa mshono.

Mifupa ya kondoo, kama kumi, iliyochemshwa ikawa safi. Kundi lake liko nyumbani na hapa hana wa kuchunga.

Mkate wako mkavu wa shayiri. Wa kwangu, si wake.

Chupa tupu za jamu, mbili, zenye vifuniko. Usiniulize. Sitakaa tena bila chupa.

Daftari jipya, nene kuliko hili.

Barua yako kwa Malan, kwa mkono wako, maana mmelingana umri na mimi nikimwambia haniamini. Usimwambie kwamba chai haikuchelewesha. Ilichelewesha, naye anajua, na akidanganywa atanusa. Mwambie tu kwamba haikumsokota utumbo mtoto. Alizaliwa hivyo, ametoka kwangu hivyo.

Na mizizi mitatu ya hvonn kutoka bustani yako, mikubwa, yenye macho, iliyofungwa kwa gunia bichi ili isikauke njiani. Ardhi haijaganda bado. Nikifika nitashuka nayo chini kwake, nimwulize tuipande wapi.